Pisini haipimwi kwa kipimo cha ofisi

Tarehe 5 Septemba 2022, siku chache baada ya watoto wa Ufaransa kurudi masomoni, pisini karibu 30 za nchi hiyo hazikufungua milango. Kampuni ya Vert Marine, inayoziendesha kwa niaba ya miji, ilisema mzigo umeishinda: fakture yake ya umeme na gesi, iliyokuwa karibu euro milioni 15 kwa mwaka, ilikuwa inaelekea kufika milioni 100. Mameya walikasirika. Walisema hawakuulizwa, waliletewa tu jambo lililokwisha kukatwa. Baada ya mazungumzo, nyingi za pisini hizo zilifunguliwa tena.

Milango ilifunguka, lakini swali moja lilibaki mezani, nalo linawahusu pia Wakongomani wengi ambao watoto wao wanakua katika miji ya Ufaransa na Ubelgiji na kujifunza kuogelea katika pisini za komine. Pisini ya ndani ya nyumba, yenye maji ya moto mwaka mzima, inapaswa kula nguvu kiasi gani? Na ni nani atakayesema kwa haki kwamba hii inatumia vizuri na ile inaharibu?

Jibu la haraka ambalo viongozi wengi hulipenda ni kuchukua fakture ya mwaka, kuigawanya kwa meta za mraba za nyumba, kisha kuipanga nyumba hiyo katika orodha pamoja na nyumba nyingine. Ni hesabu rahisi. Lakini kwa nyumba yenye pisini ni hesabu ya uongo, na uongo huo una bei: mwisho wake ni kufunga mahali ambapo watoto wanajifunza kutokufa maji.

Sheria inataka hesabu

Ufaransa haikosi sheria juu ya jambo hili. Amri ya serikali ya Julai 2019, inayojulikana huko kama décret tertiaire, inazihusu nyumba za kazi na za huduma zenye meta za mraba 1 000 au zaidi: ofisi, maduka, masomo, hospitali, hoteli, na viwanja vya michezo pia. Kila mwaka wenye nyumba hizo wanapaswa kuandika matumizi yao ya nguvu katika daftari la mtandaoni liitwalo OPERAT, linaloshikwa na shirika la serikali ADEME. Lengo ni kupunguza matumizi kwa asilimia 40 ifikapo mwaka 2030, asilimia 50 mwaka 2040, na asilimia 60 mwaka 2050.

Kuna njia mbili za kufikia lengo. Ya kwanza ni nyumba kujilinganisha na nafsi yake: mwenyewe anachagua mwaka wa msingi, usiotangulia 2010, kisha anapunguza kutoka hapo. Ya pili ni kufikia kiwango kilichowekwa na serikali kwa kila aina ya kazi. Njia hii ya pili ina maana kubwa. Aliyekuwa anaharibu nguvu zamani anaweza kupunguza asilimia 40 kwa urahisi, kama mtu mnene anayepoteza kilo kumi. Lakini aliyekwisha kujibana tangu mwanzo, atakata wapi tena? Kiwango cha kila aina ya kazi kipo ili mwenye bidii asiadhibiwe kwa bidii yake.

Hapo ndipo neno zito lilipo: kwa kila aina ya kazi. Hakuna mtu wa Bukavu anayeweza kulinganisha umeme wa mwenye frigo kubwa za samaki na umeme wa mwenye duka la vitenge, kisha kumwambia wa kwanza kwamba yeye ni mharibifu. Kila mtu anajua samaki wanataka baridi usiku na mchana, na kitenge hakitaki kitu. Pisini nayo ina madai yake, na madai hayo hayatoki kwa meneja mzembe. Yanatoka katika maji yenyewe.

Nguvu zinakwenda wapi?

Pisini ya kawaida ya mashindano yenye njia tano ina urefu wa meta 25 na upana wa meta 12 na nusu. Maji yake yanawekwa kwenye digrii 27 au 28. Wengi wanafikiri kazi kubwa ni kuyapasha maji yale mara ya kwanza. Sivyo. Kazi kubwa ni kuyazuia yasipoe, na adui mkubwa ni mvuke.

Kila lita ya maji inayogeuka mvuke inaondoka na nguvu za karibu kilowati-saa 0.7. Tuchukue mfano wa pisini inayopoteza lita 50 kwa saa wakati watu wanaogelea. Hiyo ni sawa na majiko 17 ya umeme, ya kilowati 2 kila moja, yakiwaka pamoja bila kuzimwa. Na kadiri watoto wanavyorukaruka na kupiga maji, ndivyo mvuke unavyozidi.

Mvuke huo haupotei. Unajaa ndani ya nyumba. Ukiachwa, chuma kinaliwa na kutu, mbao zinaoza, kuta zinaota ukungu. Tena, dawa ya klorini ikikutana na jasho na uchafu wa waogeleaji inatoa harufu kali inayoumiza mapafu, hasa ya walimu wanaoshinda humo kutwa. Kwa hiyo lazima mashine zitoe hewa chafu nje na kuingiza hewa mpya. Wakati wa baridi ya Ulaya, hewa mpya hiyo inatoka kwenye digrii sufuri au chini yake, nayo inapaswa kupashwa moto mpaka izidi kidogo joto la maji, la sivyo waogeleaji watatetemeka na mvuke utaongezeka.

Bado kuna maji mapya. Kanuni za afya za Ufaransa zimezoeleka kudai lita 30 za maji mapya kwa kila muogeleaji. Kutoa lita hizo kwenye digrii 12 mpaka 28 kunahitaji zaidi kidogo ya nusu ya kilowati-saa. Waogeleaji 500 kwa siku wanafanya karibu kilowati-saa 280. Lakini tazama jambo lenyewe: lita moja tu inayotoroka kama mvuke inakula nguvu kuliko kupasha moto lita 30 za maji mapya. Anayetaka kuokoa nguvu katika pisini aanze na mvuke, kabla ya kuhesabu taa za korido.

Ongeza pampu zinazozungusha maji kwenye vichujio usiku na mchana, ongeza maji ya moto ya kuoga kabla na baada ya kuogelea, ndipo inaeleweka kwa nini meta moja ya mraba ya ukumbi wa pisini inakula mara nyingi kuliko meta moja ya ofisi yenye kompyuta na mashine ya kahawa.

Jirani msafi, jirani mchafu

Sasa tuweke hesabu ya mfano, kwa namba za kufikirika. Masomo mawili yako katika mji mmoja. Kila moja lina madarasa ya meta za mraba 5 000 yanayotumia kilowati-saa 100 kwa kila meta kwa mwaka, yaani 500 000 kwa jumla. La kwanza lina ukumbi wa pisini wa meta 1 000 unaotumia kilowati-saa milioni moja. La pili halina. Watoto wake wanapanda basi kila juma na kwenda kuogelea kwa jirani.

Mkaguzi anapogawanya, masomo la pili linapata 100 kwa kila meta. La kwanza linapata 250. Katika orodha ya mji, la pili linasifiwa na la kwanza linaaibishwa. Lakini watoto wa masomo la pili wanaogelea katika maji yaleyale! Nguvu zao zimeandikwa katika daftari la mwingine. Anayekula kwa jirani anaonekana hana njaa, na jirani anayepika anaonekana mlafi.

Na hesabu hiyohiyo inadanganya upande wa pili pia. Tuseme madarasa ya masomo la kwanza yana madirisha mabovu na mashine za joto zinazowaka hadi Jumapili. Nani atajua? Mkurugenzi atasema: ni pisini. Kila mwaka atasema: ni pisini. Pisini inakuwa kichaka ambacho uzembe wote wa nyumba unajificha ndani yake. Kipimo kibaya kinamwonea mwenye pisini mwaminifu, na kinamfunika mwenye pisini mzembe. Kinakosa mara mbili.

New York ilijaribu nini

Upande wa pili wa bahari, mji wa New York umekwenda mbali zaidi katika kupima. Tangu 2020, nyumba kubwa zinazozidi futi za mraba 25 000, yaani karibu meta 2 300, zinapaswa kubandika kwenye mlango wa kuingilia karatasi yenye herufi: A, B, C au D. Asiyetoa hesabu yake anabandika F. Herufi hizo zinatoka katika alama ya 1 hadi 100 ya mpango wa serikali ya Marekani uitwao ENERGY STAR, na A inataka alama 85 au zaidi.

Kwa nyumba yenye pisini, mfumo huo hauigawanyi fakture kijinga. Unauliza pisini ina ukubwa gani, iko ndani au nje, na inatumika miezi mingapi. Kisha unakadiria pisini ya namna hiyo ingekula kiasi gani, na kuondoa kiasi hicho kabla ya kutoa alama. Hivyo hoteli yenye pisini inalinganishwa na hoteli isiyo nayo, kitanda kwa kitanda.

Hiyo ni haki kwa hoteli. Je, ni haki kwa pisini? Nusu tu. Makadirio hayo yanatazama ukubwa na mahali. Hayajui tofauti kati ya maji ya digrii 27 ya wanamashindano na maji ya digrii 32 ya wazee wanaotibiwa viungo. Na nyumba ambayo kazi yake ni pisini tupu haipewi alama ya 1 hadi 100. Pisini inaondolewa kwenye mizani ili isiharibu hesabu za wengine, lakini yenyewe haipimwi. Mgeni ametolewa sebuleni, hakupewa chumba.

Wanaosema pisini zinatafuta udhuru

Kuna wanaopinga hoja hii, na hoja yao si ya kutupwa. Wanasema: kila mwenye nyumba akipewa kipimo chake maalumu, hakuna atakayeokoa kitu. Hospitali itasema ina mashine, hoteli itasema ina dobi, pisini itasema ina mvuke. Hali ya hewa haisikilizi udhuru. Moshi wa gesi ni moshi tu, uwe umetoka kwa watoto wanaojifunza kuogelea au kwa ofisi ya benki.

Ni kweli, moshi ni moshi. Lakini kudai kipimo chako si sawa na kukataa kupimwa. Mwenye mzani wa dhahabu na mwenye mzani wa makaa wote wanapima. Anayeharibu ni yule anayepima dhahabu kwa mzani wa makaa. Pisini ilinganishwe na pisini. Ikilinganishwa hivyo, haitakuwa tena na mahali pa kujificha: mbili zenye maji sawa, joto sawa na saa sawa za kufungua, moja ikila mara mbili ya nyingine, hapo hakuna udhuru wa mvuke unaobaki.

Kazi inayobaki ni kuchagua kipimo, na kila kipimo kina mtego wake. Ukigawanya kwa meta za sakafu, mwenye korido pana na mgahawa mkubwa ataonekana hodari, ingawa maji yake yanaharibu nguvu palepale. Ukigawanya kwa idadi ya waogeleaji, pisini ya mji mdogo itaonekana mbaya kuliko ile ya mji mkubwa iliyosongamana mpaka mtu hapati nafasi ya kunyoosha mkono; na saa za asubuhi zinazotengwa kwa watoto ishirini wanaojifunza zitaonekana hasara. Kugawanya kwa meta za mraba za maji ni afadhali, kwa sababu mvuke unatoka kwenye uso wa maji, si kwenye sakafu ya ofisi ya mkurugenzi. Lakini hata hapo lazima iandikwe pembeni: joto la maji, saa za kufungua, idadi ya watu, na baridi ya mahali.

Mwenye haraka atasema ni mambo mengi. Ni mistari mitano katika daftari. Daktari hampimi mtoto uzito bila kuuliza umri wake.

Mita moja haitoshi

Kipimo cha haki hakiwezekani kama nyumba nzima ina mita moja tu mlangoni. Lazima pisini iwe na mita zake: moja kwa joto la maji, moja kwa mashine za hewa, moja kwa pampu, moja kwa maji ya kuogea. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na fakture ambayo inaweza kufunga mlango.

Faida yake imekwisha kuonekana. Katika mji wa Lünen, Ujerumani, pisini ya Lippe-Bad ilifunguliwa 2011 ikiwa imejengwa kwa kuta na madirisha yanayoshika joto sana. Wataalamu waliifuatilia kwa vipimo vya kila sehemu. Katika pisini ya zamani, hewa inabidi ikaushwe sana ili kioo baridi na kuta zisitiririke maji. Lakini ukuta ukiwa na joto, hewa inaweza kuachwa na unyevu zaidi. Na hewa yenye unyevu inavuta mvuke mchache kutoka kwenye maji. Ukuta mzuri umeokoa maji ya moto. Nani angeona jambo hilo kwa kutazama fakture moja ya mwisho wa mwaka?

Paris nayo, tangu 2017, pisini ya Butte-aux-Cailles inapata sehemu ya joto lake kutoka kwenye kompyuta zilizowekwa chini ya jengo, joto ambalo lingetupwa hewani. Hesabu isiyouliza joto limetoka wapi haiwezi kumpa sifa aliyefikiri hivyo. Na kuna mambo madogo kuliko hayo: kifuniko kinachotandazwa juu ya maji usiku, pampu inayopunguza mwendo watu wakiondoka, digrii moja chini kama serikali ya Ufaransa ilivyoomba katika mpango wake wa Oktoba 2022. Mwenye mita ataona matunda ya kila jambo kabla ya mwezi kwisha. Asiye na mita atabaki kubahatisha, na siku bei ikipanda, kitu pekee atakachojua kufanya ni kufunga.

Kwa nini isifungwe tu?

Swali hili linaulizwa, na linastahili jibu la wazi. Ufaransa ilijenga pisini zake nyingi katika miaka ya 1970 baada ya watoto kufa maji na taifa kushtuka. Serikali ilizindua mpango wa pisini elfu moja. Ndipo zikaja zile za Tournesol zenye paa la duara linalofunguka kama ua, zaidi ya 180. Kuta zao nyembamba hazikujengwa kwa bei za gesi za leo. Lakini sababu iliyozijenga haijazeeka: mtoto anayejua kuogelea anarudi nyumbani. Watu wa Goma, Uvira na Kalemie, wanaoishi kando ya maziwa na kusafiri kwa mitumbwi, hawahitaji kufundishwa jambo hilo.

Wala somo la kipimo halikomei Ulaya. Wateja wengi wa SNEL wangali wanalipa forfait, pasipo mita: mwenye taa mbili na mwenye jiko la umeme wanaweza kuletewa karatasi zinazofanana. Nani atajibana katika hali hiyo? Kinyume chake, mama wa Goma mwenye cash power anajua pasi ya nguo imekula yuniti ngapi, naye anaamua mwenyewe lini ataiwasha. Ni jambo lilelile la Limoges na New York kwa udogo wake. Anayepimwa kwa haki anajifunza kuokoa. Anayepimwa ovyo anajifunza kulalamika tu, na ana haki ya kulalamika.

Basi miji yenye pisini idai mambo mawili kwa pamoja, si moja. Kwanza, isiwekwe katika orodha moja na ofisi na masomo yasiyo na maji. Pili, ikubali kupimwa kwa ukali kati ya pisini na pisini, mita zikiwa wazi na namba zikibandikwa mlangoni ili mzazi azisome. Anayedai la kwanza na kukimbia la pili anatafuta kichaka. Anayelazimisha la pili bila la kwanza anatafuta pisini ya kufunga.